Pamba Aingia Nyumba ya Kapita

Kila asubuhi nyumbani kwa kina Ramla, hakuna aliyetoka nje kabla ya Kapita. Hata kama Ramla ameshika ufagio, baba ameshika jembe na Koko Salama amebeba karai la unga wa mandazi, wote walisimama wakangoja. Kapita alitoka stoo ya mpunga, akavuka sebule polepole, akasimama kizingitini, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akapiga mwayo. Akishashuka ngazi, ndipo siku ya watu ilipoanza.

Kapita alikuwa paka. Zamani kapita alikuwa msimamizi wa mashamba, yule aliyehesabu wafanyakazi alfajiri, na hakuna aliyethubutu kumchezea. Paka huyu wa rangi ya majivu alipewa jina hilo akiwa mdogo, likamkaa kama shati lililoshonwa kwa kipimo chake. Sasa alikuwa na miaka kumi na mmoja. Meno mawili yalikuwa yameng'oka, lakini kazi yake aliijua. Baba yake Ramla, Papa Twaibu, alilima mpunga, na magunia yote ya mwaka yalilala ndani ya stoo ile. Katika mtaa wao wa Mikelenge, mjini Kindu, kila nyumba ililia panya. Kwa Papa Twaibu, hakuna panya aliyegusa gunia mara mbili.

Nyumba yenyewe haikuwahi kuwa na watu wachache. Koko Salama, maana koko ndivyo watoto wa Kindu wanavyomwita nyanya, alikaanga mandazi barazani, na habari zote za Mikelenge zilipita kwenye karai lake kabla ya kufika zinakokwenda. Nani amechumbiwa, nani amemnunia dada yake, nani amepaka nyumba rangi ya kijani akajuta: yote yaliiva pamoja na mandazi. Ramla, mwenye miaka kumi na miwili, alikulia katika kelele hizo, na kwake nyumba isiyo na wageni ilikuwa kama chungu kisicho na mboga.

Jumapili moja alasiri, mjomba Amuri alifika kutoka Pangi akisukuma baiskeli yenye mizigo mpaka kwenye usukani. Juu ya mizigo yote palikuwa na kikapu kilichofungwa kamba.

"Ramla! Nimesikia umekuwa wa kwanza darasani. Ni kweli ama ni maneno ya Koko wako?"

"Ni kweli, Mjomba."

"Haya, fungua. Huyu ni wako."

Ramla akafungua. Ndani alijikunyata sungura jike, mweupe pepe, pua ikimchezacheza, masikio ameyalaza mgongoni. Ramla alimpakata kifuani, akausikia moyo wake ukienda mbio. Jina halikumchukua muda: Pamba.

Papa Twaibu alikuja akatazama, akakuna kidevu.

"Shemeji, aksanti. Lakini nyumba hii ina Kapita."

"Si watazoeana?" Amuri akacheka.

"Sijui. Paka mzee ni mkaidi. Akichukia, anahama, na akihama, mpunga wangu unaliwa." Baba akamgeukia binti yake. "Sikiliza, Ramla. Mjomba wako anakaa kwetu wiki tatu. Siku ya kuondoka kwake, kama hawa wawili bado hawakai nyumba moja kwa amani, sungura anarudi Pangi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Baba," Ramla akajibu, na akamkumbatia Pamba kama mtu aliyekwisha kushinda.

Kwa nini asishinde? Kupokea wageni ndiyo kazi ambayo nyumba yao iliijua kuliko nyumba zote. Mgeni akifika, mkeka unatandikwa, watu wote wanaitwa, kila mmoja anakuja kumpa mkono, kisha mgeni anaketishwa kando ya mkubwa wa nyumba. Ramla alikuwa ameyaona hayo mara mia. Basi akatandika mkeka sebuleni. Akamtuma rafiki yake Ange aite majirani. Kabla hujahesabu hadi hamsini, sebule ilikuwa imefurika: watoto wa nyumba sita, mafundi wawili waliokuwa wakipita tu njiani, na Mama Joséphine wa nyumba ya pili, ambaye hakuna sherehe iliyowahi kuanza bila yeye.

"Njo huyu mugeni?" Mama Joséphine aliuliza, njo ikiwa ndiyo ya watu wa Kindu, akamshika Pamba sikio. "Eh! Ni muzuri! Mikono yake iko laini kuliko ya bibi harusi!"

Kila mtu akamgusa Pamba. Kila mtu akasema neno. Pamba alitetemeka, lakini Ramla alidhani ni furaha. Kisha akambeba hadi stoo, umati ukimfuata, kwa sababu mkubwa wa wanyama katika nyumba hiyo alikuwa amelala juu ya gunia lake. Ramla akamweka Pamba pale pale, pua kwa pua.

"Kapita, mpokee mgeni wako."

Mama Joséphine akapiga kigelegele.

Kapita aliamka kwa kelele ile, akakuta mnyama mweupe mbele ya uso wake na watu ishirini mlangoni. Manyoya yakamsimama, mkia ukawa mnene kama mwiko. Akafoka, akatupa kofi. Kofi lilipita hewani, lakini Pamba alitoa mlio mwembamba, wa ajabu, kama wa mtoto mchanga, akaruka kutoka kwenye gunia, akapita chini ya miguu ya watu, akapiga mbizi ndani ya sufuria la sombe, mboga ya majani ya mhogo, lililokuwa likipoa jikoni, akatoka wa kijani, akajificha nyuma ya mtungi. Kapita naye akapaa mpaka juu ya paa. Hakushuka hadi jua lilipoanza kuzama.

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Ramla peke yake alilia.

"Koko, nimempokea vizuri. Nimefanya yote kama tunavyofanya!"

Koko Salama alikuwa akimfuta Pamba sombe kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu. Hakucheka.

"Njo kosa lenyewe, mutoto wangu. Umemfanyia yale unayoyapenda wewe. Keti hapa. Hilo kosa lako nililifanya mimi kabla hujazaliwa, na halikuwa la sungura."

Ramla akaketi. Ange naye akaketi. Mama Joséphine, aliyekuwa ameaga, akarudi akaketi pia.

"Ilikuwa miaka ya vita," Koko akaanza. "Njia zilikuwa zimefungwa, chakula hakiingii mjini. Watu waliokimbia vijiji vyao walijaa Kindu. Mimi na marehemu babu yako tulipokea familia mbili katika nyumba hii hii. Nilifurahi! Unanijua, napenda watu. Siku ya kwanza nikawaweka wote chumba kimoja, sinia moja, moto mmoja. Nikasema, sasa sisi ni ndugu. Siku ya pili, Zawadi na Yvette walikuwa wakipigana kwa miiko pale uani."

"Kwa sababu gani?" Ange akauliza.

"Jiwe la jiko! Kila mmoja alisema mwenzake amelisogeza. Lakini haikuwa jiwe. Zawadi alikuwa ametoka mbali, amepoteza nyumba, hajalala siku tisa. Yvette vilevile, na alikuwa na mimba. Kila mmoja alikuwa na hofu, na mimi nikawabanisha hofu na hofu. Basi nikachukua kitenge changu kikubwa, nikakitundika katikati ya chumba. Huku Zawadi, huku Yvette. Kila mmoja na moto wake na mlango wake. Walisikiana sauti, walisikia harufu ya chakula cha wenzao, lakini hawakutazamana. Kila jioni nilipitisha bakuli chini ya kitenge: kidogo cha huku kinaenda kule, kidogo cha kule kinakuja huku. Sikusema neno. Mimi! Nilinyamaza!"

"Hiyo siwezi kuiamini," Mama Joséphine akasema, na wote wakacheka.

"Amini. Wiki ya tatu nilirudi kutoka kuteka maji, nikakuta kitenge kimekunjwa, kimewekwa pembeni. Wamekishusha wenyewe. Na Yvette alipojifungua, mikono iliyompokea mtoto ilikuwa ya Zawadi. Mtoto mwenyewe mnamjua. Ni Aïcha, yule mshonaji wa pale kona."

"Aïcha?" Ramla akashangaa. "Aliyenishonea sare?"

"Huyo huyo. Sasa, tunaanza upya. Baba yako atapiga wavu wa waya kwenye mlango wa chumba kidogo cha uani. Pamba atakaa huko. Kapita atabaki na stoo yake. Watasikiana, watanusana, na wewe utapitisha bakuli. Ila sharti ni moja: mlango ule haufunguliwi kwa Kapita mpaka mimi niseme. Si kesho, si kwa sababu ya mtu yeyote. Umesikia?"

"Nimesikia, Koko."

Kazi ikaanza. Ramla aliamka mapema kuliko zamani. Alikata majani mabichi kando ya mfereji na matembele bustanini. Majani ya mhogo yasiyopikwa Koko alimkataza kabisa, kwa kuwa yana sumu. Alibadilisha maji, alifagia kinyesi, alinawa mikono kwa sabuni. Alimtafutia Pamba sanduku la mbao lenye tundu, ili awe na mahali pa kujificha akiogopa. Kisha akachukua vitambaa viwili. Kimoja alikilaza chini ya Pamba, kingine chini ya Kapita. Kila baada ya siku moja alivibadilishana, cha Pamba kwa Kapita, cha Kapita kwa Pamba.

Siku ya kwanza Kapita alikinusa kitambaa cha Pamba, akakikojolea. Siku ya tatu alikinusa akaondoka. Siku ya tano alikilalia.

Chakula nacho kilikuwa na mpango wake. Ramla aliweka majani upande huu wa wavu, na vichwa vya samaki upande ule, mbali kidogo kwanza, kisha kila siku akasogeza hatua moja. Siku ya saba, Kapita alikula samaki wake akimtazama Pamba kupitia waya, bila kufoka. Pamba aliendelea kutafuna.

"Koko, wamezoeana!" Ramla akapiga makofi.

"Bado. Angalia mkia wake unavyopigapiga chini. Bado."

Siku ya nane ilikuwa Jumatatu. Shuleni, Ramla alikuwa amesimulia habari za Pamba hadi zikaota mabawa. Alisema sungura wake analala juu ya mgongo wa paka. Alisema wanakula bakuli moja.

"Muongo," msichana mmoja akamwambia. "Paka na sungura? Tuonyeshe!"

"Njooni mwone!"

Wakaja watano. Koko Salama alikuwa amekwenda msibani, mama yake Ramla na mjomba Amuri walikuwa sokoni Kasuku, na baba shambani. Nyumba ilikuwa tupu, jambo lililotokea labda mara moja kwa mwaka. Ange, aliyekuja pamoja nao, alimvuta Ramla pembeni.

"Koko amesema hapana."

"Kidogo tu. Nusu dakika."

"Ramla..."

"Wewe nawe! Unataka waniite muongo?"

Akafungua mlango wa wavu. Kapita aliingia polepole, akanusa. Hakufanya kitu. Wasichana wakasema "Eeh!" kwa mshangao, mmoja wao akapiga makofi, Pamba akashtuka akaruka, na Kapita akaruka juu yake. Ilichukua muda wa kupepesa jicho. Ramla alimnyakua Kapita akamtupa nje. Damu nyekundu ilikuwa ikidondoka kutoka sikio la Pamba, na juu ya manyoya yale meupe ilionekana nyingi kuliko ilivyokuwa. Wasichana wakatawanyika kama kuku walioona mwewe.

Baba alirudi kwanza.

"Nini hiki? Nani amefungua mlango?"

Ramla alifungua mdomo. Ukweli ulikuwa pale pale, juu ya ulimi. Lakini alichosikia kikitoka kilikuwa kingine.

"Ni Kapita, Baba. Amesukuma wavu mwenyewe. Nilikuwa ndani, nikasikia kelele."

Papa Twaibu akatazama wavu, akatazama sikio la Pamba. Uso wake ulibadilika.

"Paka akianza kuvunja milango kwa ajili ya damu, kesho atamla vifaranga wa jirani. Na mimi sitaki ugomvi na mtu." Akaufunga mlango wa wavu. "Papa Okito mwenye mashine ya kukoboa kule Kasuku amekuwa akimtaka huyu paka tangu zamani. Jumatano atakuja kumchukua. Nitatafuta paka mwingine."

Kapita akafungwa kamba kwenye nguzo ya jiko. Yeye ambaye watu walimpisha mlangoni, sasa alizunguka nguzo mpaka kamba ikaisha, akalala akitazama ukuta. Koko aliporudi kutoka msibani alielezwa yaliyotokea. Aliliosha jeraha la Pamba kwa maji ya chumvi, akautazama wavu kwa muda mrefu, akamtazama Ramla kwa muda mrefu zaidi.

"Huyu sungura asipokula hadi kesho, hali yake ni mbaya," alisema tu. "Sungura si kama mbuzi. Tumbo lake likisimama, naye anasimama."

Jumanne Pamba hakugusa majani. Alikaa ndani ya sanduku lake, uso kwenye pembe. Ramla alipiga magoti mbele yake na matembele machanga kabisa, akimbembeleza. Kutoka hapo uani alisikia panya wakikimbizana ndani ya stoo, mchana kweupe, kama watoto waliosikia mwalimu hayupo. Alasiri, Pamba alichukua jani moja, akalitafuna polepole sana, kisha la pili. Ramla alipaswa kufurahi. Lakini kila jani Pamba alilotafuna lilimkumbusha yule mwingine aliyefungwa kwenye nguzo bila kosa.

Jumatano Papa Okito alifika na baiskeli na kikapu kikubwa chenye kifuniko. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, na kwa kuwa ilikuwa nyumba ya Koko Salama, aliwekewa kiti, mandazi na chai kabla ya kuulizwa alichokuja kufanya. Majirani walijaa barazani. Mama Joséphine alikuwa amekwisha kuisimulia habari ile mtaa mzima, akiongeza kila mara.

"Paka yule amekata wavu kwa meno! Waya wenyewe! Nimeona mimi kwa macho yangu!"

"Ana meno mawili pungufu," fundi mmoja akasema. "Amekata na nini?"

Watu wakacheka. Papa Twaibu akamfungua Kapita kamba, akambeba mikononi. Kapita hakupigana. Alitazama tu huku na huku, na kichwa chake cha kijivu kikashushwa ndani ya kikapu. Papa Okito akachukua kifuniko.

"Msimfunike!"

Sauti ilikuwa ya Ramla, lakini hata yeye hakuitambua. Watu wote wakageuka. Alimwona Ange nyuma ya umati, mikono ameikunja kifuani, akimtazama bila kupepesa.

"Kapita hakusukuma wavu. Mimi ndiye niliyefungua. Nilitaka rafiki zangu wamwone. Koko alinikataza, Ange alinikataza, nikafungua. Kisha nikamsingizia Kapita kwa sababu niliogopa." Machozi yalikuwa yakimtiririka, lakini alimaliza. "Kama lazima mmoja aondoke, aondoke Pamba. Kapita hana kosa."

Papa Twaibu aliweka mkono juu ya kikapu, akamtazama binti yake.

"Ramla. Umenifanya nimhukumu asiye na kosa. Unajua hilo? Mbele ya watu."

"Najua, Baba."

"Na umelisema mbele ya watu," akaongeza polepole. "Hilo nalo nimeliona."

Akamtoa Kapita kikapuni, akamweka chini. Papa Okito akapiga paja lake akacheka.

"Basi mimi nimepoteza paka, nimepata mandazi. Si mbaya! Lakini mtoto huyu amuombe mzee radhi."

"Ndiyo, amuombe radhi!" Mama Joséphine akadakia. "Mzee Kapita amefungwa siku mbili kama mwizi!"

Ramla akapiga magoti mbele ya watu wote. "Nisamehe, Kapita." Kapita akampa mgongo, akaenda zake stoo mkia umesimama wima, na baada ya dakika chache wakasikia panya mmoja akilia mara moja, na si zaidi. Baraza zima likashangilia.

Adhabu ilikuwepo. Ramla alihamisha magunia yote pamoja na baba, akafagia stoo nzima, akaziba kila tundu. Shuleni aliwaambia wale wasichana watano kwamba alikuwa amedanganya tangu mwanzo. Wawili walimcheka, watatu wakataka kujua mambo ya vitambaa. Na kwa Pamba na Kapita, Koko alisema neno moja tu: "Upya."

Upya kweli. Vitambaa tena. Samaki mbali na wavu, majani mbali na wavu. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili kabla ya mjomba Amuri kuondoka, na safari hii Ramla hakumsimulia mtu chochote. Alitazama. Alijifunza kwamba mkia wa Kapita ukipiga chini, ni hapana. Masikio ya Pamba yakilala mgongoni, ni hapana. Ange alikaa naye, akishika daftari na kuandika: "Siku ya nne, Kapita amelala karibu na wavu. Siku ya sita, Pamba amenyoosha miguu, amelala ubavu." Siku ya nane Koko alifungua mlango mwenyewe, Kapita akiwa ameshiba, Ramla akiwa amekaa chini katikati yao, kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Kesho yake vikombe viwili. Kesho kutwa, Ramla alisogea pembeni.

Siku ya kumi na mbili ilifika. Baiskeli ya mjomba Amuri ilisimama uani, imefungwa mizigo, na juu yake kikapu kitupu kikingoja uamuzi. Mikelenge yote ilikuwa imesikia. Watu walijaa madirishani na mlangoni, na Koko Salama akasimama mbele yao na mwiko mkononi.

"Leo," akasema, "katika nyumba hii, kwa mara ya kwanza tangu ijengwe, hakuna mtu atakayesema kitu. Joséphine, nakutazama wewe."

Mama Joséphine akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Ramla akalitoa sanduku la Pamba, akaliweka sebuleni, akafungua mlango wa stoo, akarudi nyuma. Kapita akatokea. Pamba akatoa kichwa. Palikuwa kimya kiasi kwamba ulisikia mafuta yakichemka kwenye karai barazani.

Kapita akatembea hadi kwenye sanduku. Akanusa sikio lile lenye kovu. Mkia wake ulikuwa umetulia. Pamba akashusha kichwa mpaka sakafuni, kama wafanyavyo sungura wakitaka kusafishwa. Kapita akaonekana kufikiri. Kisha akatoa ulimi, akamlamba kipaji cha uso, mara moja, mara mbili, mara tatu, akajilaza pale pale ubavuni mwake, akafumba macho.

Watu walivumilia kwa muda wa pumzi mbili. Halafu Mama Joséphine akashindwa. Alikimbilia uani ili asiwaamshe, na huko akaachia kigelegele kilichosikika hadi mtoni. Wote wakamfuata: wakapiga makofi, wakapiga masufuria, wakambeba Ramla na Ange juu juu wakiwazungusha. Mjomba Amuri akaning'iniza kikapu kitupu kwenye usukani akiimba. Papa Twaibu akatoka mwisho, akamshika binti yake mabega.

"Sungura anabaki," akasema kwa sauti kubwa, ili mtaa mzima usikie. "Na aliyemfanya abaki ni huyu."

Koko Salama akangoja kelele zipungue kidogo, ingawa hazikupungua sana. Akamvuta Ramla karibu.

"Umeona, mjukuu wangu? Mara ya kwanza ulitaka wapendane siku moja, wakatawanyika. Mara ya pili ulitaka usifiwe kwa kazi ambayo haijaisha, damu ikamwagika, na uongo wako ukataka kumfukuza asiye na kosa. Mara ya tatu ulisema ukweli ukafanya kazi kila siku, kidogo kidogo, bila kujigamba, na leo mtaa mzima unakushangilia bila wewe kuomba. Ukikosea maishani, na utakosea, sema mapema, kisha uanze upya. Usione haya kuanza upya. Mimi nilianza upya na nyumba iliyojaa watu, wakati wa vita, na hadi leo watu wale ni ndugu zangu."

"Ndiyo, Koko," Ramla akasema.

"Haya. Sasa kawape watu mandazi. Yote! Leo hakuna anayeondoka hapa na mikono mitupu."